Nukta Nane za Rula

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, mama akiwa ameshatoka kwenda kiwandani, mimi na Bibi tulikuwa na kazi yetu kwenye meza ya jikoni. Tulipima presha. Bibi alikuwa na masharti yake: asiongeleshwe, asichekeshwe, na mlango ufungwe ili upepo usimpige. Aliweka mkono wa kushoto juu ya taulo lililokunjwa mara nne, nami nikamfunga mkanda wa kipimo juu kidogo ya kiwiko na kubonyeza kitufe. Mkanda ukajaa upepo, ukavuma, ukalegea. Namba zikatokea. Muuguzi wa zahanati alikuwa ametuambia tuiangalie zaidi ile ya juu.

"Imesemaje, mke mwenzangu?"

"Mia moja hamsini na mbili, Bibi."

"Afadhali. Jana ilitaka kunipasua kichwa."

Bibi aliniita mke mwenzake kwa utani tangu sijaota meno. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na mitano, na mpaka leo huwezi kupita mbele yake na upindo uliofumuka ukasalimika. Kila siku alimeza vidonge viwili vya presha, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Cha jioni alikichukia kuliko mwizi. Alisema kinamvimbisha miguu hadi viatu vinamkataa. Lakini akifika zahanati na kuulizwa hali, alijibu, "Sijambo kabisa, mwanangu," kisha malalamiko yote akanihifadhia mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu mwaka huo, na mwalimu wa hesabu alitupa kazi ya muhula. Tuchague vitu viwili tunavyodhani vinakwenda pamoja, tuvipime kwa siku ishirini, kisha tuchore nukta kwenye karatasi ya grafu. Jirani yangu wa dawati, ambaye tulimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, alichagua saa anazolala usiku na mara anazosinzia darasani. Mimi nilichagua dakika ambazo Bibi anatembea jioni, na presha yake ya asubuhi inayofuata.

"Kila siku moja ni nukta moja," mwalimu alieleza. "Zikitawanyika ovyo, kitu kimoja hakina habari na mwenzake. Zikijipanga kuelekea upande mmoja, huenda kuna uhusiano. Lakini macho yanadanganya. Kwa hiyo nitawasaidia kukokotoa namba ya uhusiano. Ikiwa karibu na sifuri, hakuna kitu. Ikiwa karibu na moja, nukta zimefuata mstari. Ikiwa na alama ya kutoa mbele yake, maana yake kimoja kikipanda, kingine kinashuka."

"Na ikiwa katikati, mwalimu?" Redio aliuliza.

"Tunaangalia jedwali. Kila idadi ya vipimo ina kizingiti chake. Mwenye vipimo vichache kizingiti chake kiko juu, maana nukta chache zinaweza kujipanga kwa bahati tu. Usipokivuka, usijisifu."

Wiki ya kwanza nilikuwa mtu na heshima zake. Jioni tulitembea na Bibi hadi kwenye duka la vifaa vya ujenzi na kurudi, nikaandika dakika. Asubuhi nikapima, nikaandika presha. Wiki ya pili nikaanza kulegea. Kila jioni nilitembea naye kama kawaida na dakika nikaziandika, lakini asubuhi kitanda kilinishika mguu. Naamka saa moja kasoro, naruka, naosha uso kwa viganja viwili vya maji, natoka mbio. Bila miwani yake ya kushonea, ambayo hakupenda kuivaa, Bibi alikuwa haoni vizuri namba za kile kipimo, kwa hiyo nisipopima mimi, hakuna aliyepima. Nilijiambia kesho. Kesho nayo ikanikuta nimelala.

Jumapili mchana, siku moja kabla ya kukabidhi, nilifungua daftari. Siku ishirini za dakika zilikuwepo zote. Presha zilikuwa kumi na mbili tu. Nafasi nane zilikuwa tupu, zikinikodolea macho.

Nilichora zile nukta kumi na mbili. Zilikaa kama maharage yaliyomwagika, ila kwa mbali zilionekana kuteremka kidogo kuelekea kulia. Siku alizotembea sana, presha ilikuwa chini kidogo. Si zote, lakini baadhi. Nikachukua rula, nikaiegemeza hapo katikati, nikachora mstari. Kisha, jamani, nikafanya lile jambo. Kwa kila siku yenye pengo, nilitafuta dakika zake chini, nikapanda na penseli hadi kwenye mstari, nikasoma presha ni ngapi. Nikaiandika daftarini. Mbili tatu nikaziongeza au kuzipunguza kidogo ili zisinyooke mno.

Kusema kweli, sikuona kuwa naongopa. Nilijiona mjanja. Si mstari wenyewe umeniambia ingekuwa ngapi?

Mwalimu alikokotoa. Namba yangu ikatoka 0.68, na alama ya kutoa mbele yake. Kizingiti cha siku ishirini kilikuwa 0.44.

"Umekivuka kwa mbali sana," alisema, na darasa likapiga makofi. Grafu yangu ikabandikwa ukutani karibu na mlango. Redio, ambaye nukta zake zilikuwa zimesambaa kila kona, alinitazama kwa wivu wa wazi kabisa. "Bibi yako ana nidhamu," alisema. "Hata presha yake inatembea kwenye mstari."

Nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Mama alifurahi, akawasimulia wenzake kiwandani. Jumatatu iliyofuata Bibi naye alilichukua daftari langu, akalifunga kwenye mfuko wa plastiki lisilowe, akaenda nalo zahanati. Jioni nilipotoka shule nilimkuta amekaa barazani uso unang'aa.

"Muuguzi ameliona," alisema. "Amesema hii ni kazi ya maana. Ijumaa daktari anakuja. Niende na daftari, waangalie kama wanaweza kunipunguzia kidonge kimoja. Cha jioni! Unasikia, mke mwenzangu? Miguu yangu itapumua!"

Nilitaka kusema, nikafungua mdomo, nikamwona anavyoitazama miguu yake kwa furaha, nikaufunga.

"Vizuri, Bibi," nilisema.

Kuanzia hapo sikuwa na raha. Nilikaa roho mkononi. Darasani, kila nilipoinua macho niliiona grafu yangu ukutani, na zile nukta nane nilizijua moja moja. Nilijaribu kujitetea. Nane si nyingi. Huenda hata ningepima zingetoka hivyohivyo. Daktari naye ana macho yake, hatategemea daftari la mtoto. Lakini kila utetezi niliouleta ulidumu kama dakika tano, kisha hofu ikarudi na kukaa palepale. Je, wakimpunguzia kidonge kwa sababu ya rula yangu?

Jumanne jioni Bibi alitembea dakika arobaini na tano. Hakuwahi kutembea vile. Mimi ndiye niliyechoka.

Jumatano niliamka mapema bila kuitwa, maana hata usingizi ulikuwa umenikimbia. Kwa mujibu wa mstari wangu, mtu aliyetembea dakika arobaini na tano anatakiwa awe na mia moja thelathini na tano hivi. Nilifunga mkanda, nikabonyeza. Namba ikatokea.

Mia moja sabini na nane.

Nilipima tena. Mia moja themanini na moja. Nikajifunga mkanda mwenyewe, nikiomba kipimo kiwe kimeharibika. Mimi nilikuwa na mia moja na nne. Kipimo kilikuwa kizima kabisa.

"Kuna nini?" Bibi aliuliza. "Mbona umenyamaza? Hebu fanya haraka, kichwa kinanigonga tangu jana."

"Bibi, jana jioni ulimeza kidonge?"

Nilikwenda kwenye kabati la vyombo, nikatazama kikombe cha bati anachowekea dawa za siku. Vidonge viwili vya jioni vilikuwa humo, vikavu. Cha Jumatatu na cha Jumanne.

"Bibi!"

"Usinipigie kelele," alisema. "Si mstari wako ndio umesema? Nikitembea sana, inashuka. Nikaona nianze mwenyewe, kwani Ijumaa iko mbali? Nimetembea mara mbili ya kawaida badala yake."

Nikakaa kwenye kiti cha mama. Bibi yangu alikuwa ameacha dawa kwa kuniamini mimi. Maneno yakatoka yenyewe.

"Bibi, mstari ule si wa kweli. Siku nane sikupima. Nililala. Nilichukua rula, nikasoma kwenye mstari, nikaandika."

"Nane? Nilidhani ni mbili tatu tu, sikuzihesabu."

"Nane."

"Kati ya ishirini?"

Niliitikia kwa kichwa, machozi yanachuruzika. Bibi alinitazama. Nilimwomba Mungu anifokee, lakini hakufoka.

"Miaka thelathini na mitano nimekata nguo za watu," alisema. "Mtu asipokuja kupimwa, kitambaa chake kinabaki kwenye kabati. Sijawahi kukisia kiuno cha mtu nikakata." Akashika ukingo wa meza, akainuka taratibu. "Nipe kitenge changu. Twende zahanati."

Zahanati haikuwa mbali, lakini asubuhi ile njia ilirefuka. Bibi alisimama mara tatu kupumzika, na kila aliposimama niliangalia uso wake kuona kama umebadilika. Nilimshika mkono. Hakuutoa, lakini hakunikamata pia. Utani wake wote aliuacha nyumbani.

Muuguzi, mama mwenye sauti nzito na kalamu mbili kifuani, alimpima mara moja. Mia moja sabini na sita. Akamlaza kwenye kitanda cha chumba cha mapumziko, akampigia simu daktari, akafanya alichoelekezwa. Mimi niliambiwa nisubiri kwenye benchi la nje. Nilikaa pale nikihesabu vigae vya sakafu, nikivikosea, nikianza upya. Kila mlango ulipolia nilisimama. Nilijiapiza kwamba nikimpata Bibi yangu mzima, sitaandika tena hata tarehe ambayo sina uhakika nayo.

Baada ya muda muuguzi alitoka na daftari langu mkononi.

"Nani ameandika hili?"

"Mimi. Na nane kati ya hizo ni za uongo." Nilizionyesha kwa kidole, moja baada ya nyingine. Alichomoa kalamu na kuzipiga mstari wa wino mwekundu. Zilipoisha, ukurasa ulikuwa unatia huruma.

"Unajua nilikuwa nimeshamwandikia daktari?" alisema. "Nimemsifia mgonjwa wangu kwamba ana kumbukumbu za siku ishirini."

"Nisamehe, shangazi."

"Njoo ndani."

Bibi alikuwa ameketi kitandani. Muuguzi alimgeukia yeye sasa. "Na wewe, mama yangu. Huyu ameongopa kwenye karatasi. Wewe ulifichia nini vidonge kikombeni? Vimekukosea nini?"

Bibi aliangalia dirishani kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Vinanivimbisha miguu," alisema kwa sauti ndogo.

Muuguzi aliinama, akabonyeza kidole gumba juu ya kifundo cha mguu, akakiondoa. Pakabaki kishimo. "Tangu lini?"

"Miezi minne."

"Miezi minne! Na kila mwezi nakuuliza hali, unaniambia hujambo kabisa?"

"Nilikuwa sitaki kukusumbua."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," muuguzi alisema, lakini hapo sauti yake ilikuwa imelegea. "Kuna dawa nyingine, mama. Dawa za presha si moja. Ungesema siku ya kwanza, daktari angekubadilishia. Nyinyi wawili mmenipa habari nzuri nzuri, na habari nzuri za uongo ndizo zinazomuua mgonjwa. Mimi nataka zile mbaya. Hizo ndizo zinazonipa kazi ya kufanya."

Saa sita mchana presha ilikuwa mia moja hamsini na nane na kichwa kimeacha kugonga. Ijumaa daktari alimwona, akambadilishia kidonge cha jioni. Lakini kabla ya Ijumaa mimi nilikuwa na kibarua kingine.

Alhamisi niliingia darasani mapema, nikabandua grafu ukutani, nikaipeleka mezani kwa mwalimu. Nilimweleza yote mbele ya darasa, maana makofi nayo nilipigiwa mbele ya darasa. Masikio yalikuwa yanawaka. Mwalimu alichukua chaki, akaandika zile siku kumi na mbili za kweli ubaoni, akatukokotolesha wote, hatua kwa hatua, hadi kengele ikakaribia.

Namba ilitoka 0.41, na alama ya kutoa. Alifungua jedwali. Kizingiti cha vipimo kumi na viwili kilikuwa 0.58.

"Haikuvuka," alisema.

"Kwa hiyo kutembea hakushushi presha?" Redio aliuliza.

"Nimesema hivyo? Kutembea ni kuzuri, muuguzi yeyote atakwambia. Nimesema kwamba kwa siku hizi kumi na mbili hatuna ushahidi wa kutosha. 'Sijui bado' nalo ni jibu, tena ni jibu gumu kulitoa." Kisha akanigeukia mimi. "Unaelewa kwa nini namba yako ya kwanza ilikuwa nono vile? Tunachukua nukta ndipo tutafute mstari. Wewe ulichukua mstari, ukautengenezea nukta. Nukta za namna hiyo haziwezi kukubishia, kwa hiyo hazina la kukufundisha."

Alama zangu zilifutwa. Aliniambia nianze siku ishirini nyingine, na kwa kuwa dawa ya Bibi huenda ikabadilishwa, nisichanganye hata siku moja ya zamani. Redio hakunicheka. Alinisogezea rula yake, kisha akakumbuka yaliyonipata, akairudisha haraka kwenye begi. Hapo tukacheka wote wawili.

Nyumbani haikuwa rahisi hivyo. Bibi alianza kuja mezani na miwani ya kushonea. Mkanda ukilegea tu, aligeuza kipimo upande wake, akasoma namba mwenyewe, akanitazama ninavyoandika kwenye daftari jipya.

"Si kwamba sikuamini," alisema siku ya kwanza. Akafikiri kidogo. "Hapana, nisikudanganye. Sikuamini, bado."

Iliniuma, lakini ningesema nini? Nilipima, naye akasoma. Siku ya pili, ya tatu, ya nne. Nukta nyingine ziliteremka, nyingine zilipanda bila adabu, na mimi nikaziweka palepale zilipotaka.

Siku ya tisa nililala. Nilishtuka saa moja kasoro, na nilipofika jikoni Bibi alikuwa ameshakunywa chai na kumeza dawa, na muda wa kupima umepita. Nilisimama na daftari mkononi. Jana yake alikuwa ametembea dakika thelathini. Namba nzuri kabisa ilinijia kichwani yenyewe, mia moja arobaini na mbili. Penseli ilikuwa mkononi. Niliandika: *Sikupima. Nilichelewa kuamka.* Nikaliacha daftari wazi mezani, nikakimbia shule.

Niliporudi, Bibi alikuwa amelishika. Alisoma ule mstari wangu tena, midomo ikitembea taratibu, kisha akavua miwani.

"Nimelisoma daftari hili lote," alisema. "La kwanza lilikuwa halina pengo hata moja, nami sikujiuliza, nikaliamini, nusura linizike. Hili lina pengo. Sasa sikiliza, mke mwenzangu. Mtu anayeweza kuniambia 'hapa sikupima', huyo akiniambia 'hapa nilipima' nitamwamini. Pengo la kweli ndilo linalozipa uzito namba nyingine zote. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Haya, kesho uamke."

Niliamka saa kumi na moja na nusu. Bibi alikuja mezani, akaweka mkono juu ya taulo, akafumba macho kusubiri. Miwani alikuwa ameiacha chumbani.